Mbuzi Amepatikana, Chokaa Je?

Ligi ya kata ikitangazwa, mnyama hutajwa kabla ya timu. Spika imefungwa nyuma ya bodaboda, kijana anapita senta kwa senta: mshindi wa kwanza ng'ombe, wa pili mbuzi, wa tatu seti ya jezi na mpira. Watu wanasimama kusikiliza. Hutamsikia akitaja nani atamlipa refa, nani atanunua chokaa, wala mpira ukitobolewa na mwiba dakika ya 20 nani ana mwingine. Hayo yameachiwa kamati, nayo kamati imeyaachia siku yenyewe.

Nimekaa kwenye kamati za namna hii, mara nyingi kwenye kiti cha mweka hazina, kiti ambacho hakigombewi na mtu. Kosa ninaloliona kila msimu ni lilelile: bajeti inaanzia kwenye zawadi, halafu inashuka kinyumenyume mpaka uwanjani. Inapaswa ianzie kwenye idadi ya mechi. Mkishaamua timu zikutane mara ngapi, mmeshaamua sehemu kubwa ya fedha itakayotoka, hata kama hakuna aliyeshika kalamu.

Tuipeleke hesabu Kinyangiri, kata ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012 na makao yake yakawekwa Nduguti. Tuseme timu nane zimejiandikisha. Mkitaka kila timu ikutane na kila timu mara moja, zidisha nane kwa saba, gawa kwa mbili: mechi 28. Mkitaka nyumbani na ugenini, ni 56. Mkicheza mtoano mtupu ni mechi saba tu, maana kila mechi inaitoa timu moja na zinazotakiwa kutoka ni saba. Mkigawa makundi mawili ya timu nne nne, wawili wa juu wakaingia nusu fainali, kisha fainali na mechi ya mshindi wa tatu, mnapata 16.

Sasa weka bei. Namba zangu ni za mfano. Kila kamati iandike za kwake. Refa wa kati na washika vibendera wawili, posho na nauli, 35,000. Chokaa 10,000. Maji 5,000. Huduma ya kwanza, yaani bandeji, dawa ya vidonda na mtu anayejua kuvitumia, 10,000. Mechi moja imekula 60,000. Ligi ya mzunguko mmoja itakuwa 1,680,000, ya mizunguko miwili 3,360,000, ya makundi 960,000. Vijana ni walewale, uwanja ni uleule, shangwe ya fainali ni ileile. Kilichobadilika ni mistari kwenye karatasi ya ratiba, na kimebadilika kwa zaidi ya mara tatu.

Kuna mtego mmoja hapa ambao nimeuona ukiwanasa watu wenye akili zao. Ratiba imeshafungwa, siku mbili kabla ya ufunguzi inakuja timu ya tisa. Wanabembeleza, wana mjumbe wao ndani ya kamati, na wamekuja na ada ya ushiriki mkononi, tuseme 50,000. Mwenyekiti anasema waingie, fedha hiyo itatusaidia. Timu ya tisa kwenye mzunguko mmoja inakutana na timu nane, kwa hiyo inaleta mechi nane mpya. Ratiba imetoka 28 hadi 36. Wameingiza 50,000 na kuongeza gharama ya 480,000. Si kwamba wafukuzwe. Ila anayewakubalia aseme palepale hizo 430,000 zinatoka mfuko wa nani.

Basi mtu atasema, tucheze mtoano, tumalize kwa mechi saba. Ni rahisi kweli, na ndiyo njia ya mkato kwa bonanza la siku mbili. Kwa ligi inayotaka kuwepo tena mwakani, siipendi. Timu nne kati ya nane zinarudi nyumbani baada ya dakika 90. Wamelipa ada, wamechanga nauli ya gari, wamemwomba mwalimu ruhusa ya winga wao aliyeko kidato cha tatu, wamecheza mara moja, basi. Mwakani mjumbe wenu akipita kijijini kwao atakaribishwa uji na kupewa udhuru. Makundi yanampa kila mmoja mechi tatu za uhakika. Kwa timu nane, mimi nachagua hapo bila kusita.

Kuna kitu ambacho bajeti nyingi hukiandika kwa neno moja, "uwanja", kisha zinapita. Hebu tusimame hapo kidogo. Chukua kiwanja cha mita 100 kwa 64, kilicho ndani ya vipimo vya sheria za mchezo. Zunguka pembeni: mita 328. Mstari wa kati, 64. Maeneo mawili ya penalti, karibu 147. Maeneo madogo ya goli, 59 hivi. Duara la kati lenye nusu kipenyo cha mita 9.15 linakupa 57 na kitu, vipinde viwili vya mbele ya penalti 34, na robo duara nne za kona mita sita. Jumla, karibu mita 695. Ligi ya mechi 28 ikichorwa upya kila mechi, kijana wenu wa chokaa atakuwa amechora kilomita 19 na ushee, akiwa ameinama.

Na atachora upya kila mechi, kwa sababu ligi zetu huchezwa kiangazi. Mvua za Singida huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili hivi. Alizeti na mtama vikishatoka shambani, vijana wana nafasi na mifuko ina kitu, ndipo mpira unapoanza, Juni mpaka Agosti. Huo ndio msimu wa upepo. Upepo wa mkoa huu si wa kubezwa. Ndio uleule ambao wawekezaji wamekuwa wakija kuupima kwa ajili ya kufua umeme. Chokaa kavu iliyomwagwa asubuhi, saa kumi jioni nusu yake iko shambani kwa jirani. Kilichobaki, ng'ombe wanaorudi kutoka malishoni hawasomi ratiba.

Dawa zake ziko tatu na hakuna hata moja iliyo ghali. Ya kwanza ni jembe: chimba mfereji mwembamba wa kina cha vidole viwili mara moja mwanzoni mwa ligi, kisha nyunyiza chokaa ndani yake, hata upepo ukichukua nyeupe, alama inabaki. Sheria inataka mstari usizidi sentimeta 12, na mfereji usiwe wa kumvunja mtu kifundo. Ya pili ni kuikoroga chokaa na maji badala ya kuirusha ikiwa unga. Hapa niongeze neno: chokaa ya kujengea inaunguza. Kipa anayejirusha kwenye mstari wake huamka nayo usoni, na jicho likiingiwa si jambo la kufuta kwa kanga. Palipo na majivu safi ya kutosha, tumieni majivu.

Ya tatu ndiyo yenye fedha: mechi mbili kwa siku moja. Ya kwanza ianze saa nane mchana, ya pili saa kumi. Dakika 90 na mapumziko ya 15 zinamaliza ya kwanza saa kumi kasorobo au kidogo baada yake, na ya pili kabla giza halijaingia. Mistari ile ile inatumika mara mbili. Kwenye ligi ya mechi 28 mmepunguza uchoraji mara 14, yaani 140,000 kwa bei yetu ya mfano, na kwenye minada mingi hiyo ni fedha ya mbuzi. Waamuzi nao wanakuja kwa nauli moja. Sharti lake ni kwamba kanuni ziseme mapema: mechi ya mtoano ikiisha sare, moja kwa moja penalti, hakuna dakika 30 za nyongeza. Bila hilo mtapiga penalti kwa taa ya bodaboda.

Gharama zisizofuata idadi ya mechi ni chache na zinajulikana: mipira, nyavu, filimbi, kadi, vibendera, pampu na sindano zake, fomu, kombe, spika ya siku ya fainali. Kwenye mipira msibane. Uwanja uliozungukwa na migunga unahitaji mipira mitatu kwa uchache, na mtu mmoja anayejua kubadilisha blada. Nitaweka 500,000 kwa vyote hivyo ili hesabu iende.

Haya, jumlisha. Kwa makundi: 960,000 na 500,000 ni 1,460,000, ongeza asilimia kumi ya dharura, 146,000, unapata 1,606,000. Kwa mzunguko mmoja: 1,680,000 na 500,000, na asilimia kumi yake, unafika 2,398,000. Tofauti ni 792,000, na hakuna aliyechangia hata senti. Imeokolewa na penseli ya mtu wa ratiba. Ondoa ada za timu nane, 400,000. Kwa makundi mnatafuta 1,206,000 kabla ng'ombe yeyote hajatajwa. Asilimia ya dharura msiiguse kwa sababu ya fulana za kamati. Hiyo ni ya kijana atakayeteguka goti na kuhitaji gari mpaka kituo cha afya, na katika ligi ya mechi 16 atapatikana tu.

Hizo 1,206,000 zitoke wapi? Kwenye ligi za mijini wangesema kiingilio. Uwanja wa kijiji au wa shule hauna uzio, na mtu anayeweza kutazama akiwa juu ya mwembe hatalipa mlangoni, hasa kama mlango haupo. Kupitisha kofia kunasaidia siku ya nusu fainali na fainali. Msiiandike kwenye bajeti kama mapato ya kila wiki. Kinachobaki ni wadhamini, na hapa ndipo lugha yetu inapotudanganya, maana neno "mdhamini" tunalitumia kwa watu watatu tofauti. Yupo aliyeahidi. Yupo aliyetoa kitu. Yupo aliyetoa fedha. Daftari la mweka hazina liwe na safu tatu kwa ajili yao, na sheria moja: hakinunuliwi kitu kwa fedha iliyo kwenye safu ya ahadi. Mfadhili aliyesimama mbele ya mkutano akapigiwa makofi si lazima awe mwongo; ana ada za watoto, ana mazao yasiyouzika. Lakini refa hapandi gari kwa makofi.

Aliyetoa mbuzi naye ana tatizo lake. Mbuzi hagawanyiki kuwa posho. Kamati yenye ng'ombe mmoja na mbuzi wawili inaonekana tajiri kuliko kamati yenye laki saba taslimu, kumbe ya pili ndiyo itakayomaliza ligi. Ndiyo maana nashauri msiuze zawadi kwa wadhamini, uzeni mechi. Mwenye duka la pembejeo hawezi kutoa milioni, lakini 60,000 anaiweza, na mchana mzima spika itamtaja kuwa mechi ya leo ni yake. Mwenye mashine ya kukamua alizeti anaiweza msimu huo kuliko wakati mwingine wowote. Kikundi cha akina mama cha hisa kinaiweza kwa kugawana. Watu 16 wa 60,000 wanapatikana. Mtu mmoja wa milioni moja huwa na masharti.

Masharti hayo tunayajua, tumeishi nayo. Kuna miaka vikombe vinachipuka kila jimbo kama uyoga wa masika, jezi zina sura ya mtu mgongoni, na ukihesabu kalenda utakuta uchaguzi uko karibu. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliongezewa vifungu vilivyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi kutaka fedha za wagombea zihesabiwe. Siasa zake niwaachie wenyewe. Mimi nazungumza kama mweka hazina: fedha inayokuja mara moja kwa miaka mitano si chanzo cha mapato cha ligi ya kila mwaka. Jezi zikija, zivaeni kama sheria inaruhusu wakati huo. Msizipangie bajeti, na msiongeze timu wala mizunguko kwa sababu yake, maana mwaka unaofuata mizunguko itabaki na mtoaji atakuwa Dodoma.

Na msidhani tatizo la mlipaji mmoja ni la mchangani tu. Mkoa huuhuu uliishangilia Singida United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2017, na 2018 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Mtibwa Sugar. Mwaka 2020 ikashuka. Mwaka 2022 timu ya DTB ikawa Singida Big Stars, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. 2024 Fountain Gate ikaondoka na kuliacha jina la Singida, na Ihefu ya Mbarali ikaja kuwa Singida Black Stars. Shabiki wa Uwanja wa Liti, ambao wazee bado wanauita Namfua, amebadilisha skafu mara nyingi kuliko alivyobadilisha viatu. Jina la timu huenda na anayelipa. Kwenye Ligi Kuu angalau kuna haki za televisheni. Mkataba wa Azam wa mwaka 2021 ulikuwa wa miaka kumi na zaidi ya shilingi bilioni 225. Kinyangiri hakuna kamera. Ndondo Cup ya Dar es Salaam, iliyoanza 2014, ilionyesha kwamba mpira wa mchangani unaweza kuvuta kampuni, lakini ilivuta kampuni pale palipo na mamilioni ya wateja na redio nyuma yake. Kamati ya kata ikinakili zawadi za Ndondo bila Dar es Salaam yenyewe, imenakili deni.

Zawadi kubwa ina gharama nyingine ambayo haitokei kwenye daftari la kamati kwa sababu inalipwa na timu. Tangazeni ng'ombe, muone mamluki. Timu ya kijiji inaleta mshambuliaji kutoka Singida mjini, inamlipia nauli, inamlaza, inamlisha kuku. Timu ya pili inajibu kwa kuleta wawili. Kufikia nusu fainali, vijana waliofanya mazoezi tangu Mei wamekaa kwenye nyasi wakishika chupa za maji, na timu nne zimetumia kwa pamoja fedha nyingi kuliko bei ya ng'ombe anayegombewa. Kisha inakuja rufaa ya leseni, kikao mpaka usiku, na mechi ya marudiano ambayo haikuwa kwenye bajeti: 60,000 nyingine. Zawadi ndogo na pana inapunguza yote hayo. Mpe bingwa mbuzi na kombe. Fedha ya ng'ombe igeuzeni mpira mmoja kwa kila timu iliyomaliza mechi zake zote. Mpira huo utachezewa mpaka msimu mwingine. Ng'ombe huliwa Jumapili moja.

Suala la usafiri nalo huwa halionwi. Ligi ikichezwa kituo kimoja, pale senta, timu ya senta inatembea kwa miguu na timu ya kijiji cha mbali inakodi gari mara tatu. Wote wamelipa ada sawa, kwa hiyo kwa kweli hawakulipa sawa. Sioni ubaya wa ada kupungua kadiri umbali unavyoongezeka: wa karibu 70,000, wa mbali 30,000, jumla ikabaki ileile. Watakaopinga ni wa senta, na hoja yao itakuwa kwamba wao ndio wenye uwanja. Mwulizeni mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kijiji uwanja ni wa nani.

Pamoja na ada chukueni dhamana, 20,000 kwa timu, inayorudishwa siku ya fainali kwa timu isiyokosa mechi hata moja. Sheria ya mchezo inataka wachezaji saba kwa uchache. Timu ikija na sita, refa ameshalipwa, chokaa imeshamwagwa, mpinzani ameshakodi gari. Dhamana ndiyo inayolipa hasara hiyo. Nimeona ikifanya kazi kuliko adhabu ya pointi, kwa sababu timu iliyo mkiani pointi haziiumi.

Niseme la netiboli, ambalo kamati za wanaume huliandikia mistari miwili mwishoni, "akina dada watapewa sabuni". Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Mistari yake yote, pamoja na nusu duara mbili za kufungia na kiduara cha kati, haifiki mita 160, chini ya robo ya chokaa ya mpira wa miguu. Timu ni watu saba, mchezo ni dakika 60, gari dogo linawatosha. Ukiuweka saa sita na nusu kabla ya mechi ya saa nane, umewaleta uwanjani watu ambao wangekuja saa kumi, na mama lishe ameuza saa tatu zaidi. Kwa shilingi moja iliyotoka, hakuna mchezo unaorudisha watu wengi hivyo uwanjani.

Fedha zikae wapi? Si kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, hata akiwa mzee wa kanisa. Vikundi vya hisa vijijini vina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hesabu inafanywa mbele ya wanachama wote. Kamati ya michezo inaweza kuazima utaratibu huo bila kubadilisha chochote. Na kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu, wananchi wanajua kusikiliza hesabu. Bandikeni ya ligi kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kata kila Jumatatu, karatasi moja, ahadi upande mmoja na fedha upande mwingine. Aliyeahidi akikuta jina lake limebaki upande wa ahadi wiki ya tatu, mara nyingi hahitaji kukumbushwa.

Na mbuzi? Mara nyingi mfadhili humleta siku ya ufunguzi ili apigwe picha. Ligi ya makundi, mechi mbili kwa siku na siku mbili kwa wiki, inachukua wiki nne. Wiki nne hizo mbuzi anakula, anahitaji kamba, mchungaji, na mahali pa kulala pasipo na fisi. Sijawahi kuona bajeti yenye fungu hilo, ila nimewahi kuona kikao cha kamati kikiitishwa kwa sababu mbuzi wa mshindi wa pili alikuwa amezaa. Mwombeni mwenye mbuzi apigwe naye picha, kisha arudi naye nyumbani, amlete asubuhi ya fainali.